Kuchambua boriti ya chuma kwa FreeCAD na CalculiX, hatua kwa hatua

Programu za elementi finiti, zinazogawa umbo kuwa vipande vidogo (elementi) vilivyounganishwa kwenye nukta (nodi), hazikatai swali. Ipe boriti inayofaa kubeba kilo hamsini mzigo wa tani tano, nayo itakurudishia picha ya kupendeza yenye rangi kuanzia buluu hadi nyekundu, na namba zenye desimali sita, bila onyo lolote. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kalamu na karatasi, kompyuta inafuata. Tutachukua kipande kimoja cha chuma ambacho majibu yake tunaweza kuyapata kwa mkono, tukipitishe kwenye uchambuzi wa mzigo tuli, wa mtikisiko na wa kupinda kwa mgandamizo, kisha tuone programu inaweza nini na inapotosha wapi.

Programu tutakazotumia ni za bure. CalculiX ndiyo solva, yaani sehemu inayopiga hesabu yenyewe. Iliandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, wahandisi wa kampuni ya injini za ndege ya MTU Aero Engines mjini Munich, Ujerumani, na faili zake zinafuata lugha inayokaribiana sana na ile ya Abaqus, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo. Hiyo ni faida kubwa kwa mwanafunzi: ukijifunza kusoma faili la CalculiX, siku ukikutana na Abaqus kazini hutakuwa mgeni. FreeCAD ndiyo dirisha la kuchorea na kubofya, nayo inaiita CalculiX kwa nyuma. Kwa mfano wetu laptop ya kawaida inatosha kabisa.

Kwanza, linea maana yake nini

Uchambuzi wa linea ni ahadi ya mambo matatu. Chuma hakijafika mahali pa kulegea na kubaki kimepinda; ukiondoa mzigo kinarudi kilivyokuwa. Umbo halibadiliki kiasi cha kubadilisha njia ya mzigo. Na mahali panaposhikwa au kugusana hapabadiliki kadiri mzigo unavyoongezeka. Ahadi hizo zikitimia, mzigo ukiongezeka mara mbili mshuko nao unaongezeka mara mbili, na majibu ya mizigo miwili tofauti unaweza kuyajumlisha tu. Ndani ya programu kila kitu kinageuka kuwa milinganyo: ugumu mara msogeo ni sawa na kani. Kila nodi ya elementi ya pande tatu inaleta milinganyo mitatu, hivyo wavu, yaani mkusanyiko wa elementi zote, wa nodi 10,000 ni milinganyo 30,000, ambayo CalculiX huimaliza kabla chai haijapoa.

Programu haikagui kama ahadi hizo umezitimiza. Huo ni wajibu wako.

Hatua ya 1: pata jibu kwa mkono

Chukua kipande cha flatibaa: urefu milimita 500, upana 50, unene 20. Upande mmoja umeshikwa ukutani, upande wa pili unaning'inia, na kwenye ncha hiyo kuna mzigo wa niutoni 500 unaovuta chini, karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Chuma kina moduli ya Young (kipimo cha ugumu wake) ya MPa 210,000, ambapo MPa moja ni niutoni moja kwa milimita ya mraba, na uwiano wa Poisson (kiasi kinavyonywea kwa upana kikivutwa) wa 0.3.

Momenti ya pili ya eneo ni 50 × 20³ ÷ 12, yaani mm⁴ 33,333. Mshuko wa ncha ni PL³ ÷ 3EI, ambapo P ni mzigo, L urefu, E moduli ya Young na I ile momenti ya pili ya eneo:

500 × 500³ ÷ (3 × 210,000 × 33,333) = mm 2.976

Momenti ya kupinda pale ukutani ni 500 × 500 = N·mm 250,000. Mkazo wa juu kabisa ni momenti hiyo mara 10 (nusu ya unene) ugawanye kwa 33,333, unapata MPa 75. Kwa chuma cha daraja la S235, ambacho huanza kulegea kwenye MPa 235, tuko salama kwa zaidi ya mara tatu.

Andika namba moja zaidi ambayo wengi huisahau: mkazo kwenye umbali wa mm 100 kutoka ukutani. Pale mkono wa mzigo ni mm 400, kwa hiyo mkazo ni MPa 60. Namba hii itatuokoa baadaye.

Hatua ya 2: vipimo vikubaliane

CalculiX haijui milimita wala mita. Inajua namba tu. FreeCAD yenyewe huandika faili kwa milimita, niutoni, MPa na tani, na huo ndio mfumo ninaokushauri uushike hata ukiandika faili kwa mkono. Ndani ya mfumo huo densiti ya chuma ni tani 7.85E-9 kwa milimita moja ya ujazo, na mchapuko wa mvutano wa dunia ni 9810, siyo 9.81.

Kosa la densiti halionekani kwenye mzigo wetu tuli, kwa sababu uzito wa boriti yenyewe hatujauweka, hivyo densiti haitumiki hapo. Linakuja kujitokeza kwenye mtikisiko. Mtu akiweka 7.85E-6, akidhani anaandika kilo, boriti inayotikisika mara 67 kwa sekunde itaonekana kutikisika mara mbili tu kwa sekunde, na mhandisi mchanga atakaa jioni nzima akitafuta kosa kwenye wavu.

Hatua ya 3: jenga modeli

Kwenye FreeCAD chora sanduku la 500 × 50 × 20, kisha hamia sehemu ya kazi iitwayo FEM. Fungua uchambuzi mpya. Kwenye nyenzo chagua chuma kilichoandikwa CalculiX-Steel. Kina moduli tunayoitaka, ila densiti yake ni kilo 7,900 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ibadilishe iwe 7,850 ili ilingane na hesabu zetu. Weka sharti la "Fixed" kwenye uso mmoja wa mwisho, na "Force" ya N 500 kwenye uso wa upande wa pili. Hakikisha mshale unaelekea chini. Mshale ukielekea ndani ya boriti, unabana badala ya kupinda, na programu itakuhesabia hilo kwa utii uleule.

Ukishatengeneza wavu na kuandika faili la solva, lifungue kwenye kihariri cha maandishi. Usiogope urefu wake. Sehemu kubwa ni orodha ya nodi na elementi. Kiini chake ni mistari michache ya namna hii:

```
*MATERIAL, NAME=CHUMA
*ELASTIC
210000, 0.3
*DENSITY
7.85E-9
*BOUNDARY
UKUTA, 1, 3
*STEP
*STATIC
*CLOAD
...
*NODE FILE
U
*EL FILE
S
*END STEP
```

Mstari wa UKUTA unasema nodi zote za kundi hilo zimezuiwa kwenye mwelekeo wa 1, 2 na 3. Chini ya *CLOAD utaona orodha ndefu ya nodi, kila moja na sehemu yake ndogo ya zile niutoni 500. FreeCAD imeugawa mzigo yenyewe. Ukiamua kuandika faili mwenyewe, kuwa macho hapo: *CLOAD ikipewa kundi la nodi, humpa kila mwanakundi namba nzima. Kundi la nodi 21 likipewa 500, boriti imebeba N 10,500.

Hatua ya 4: wavu, ambako kazi huharibikia

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Elementi ya daraja la kwanza ina nodi kwenye pembe tu, na pande zake hubaki nyoofu. Boriti inapopinda inataka kujikunja, elementi hiyo haiwezi kujikunja, basi inajifanya ngumu kuliko chuma chenyewe. Piramidi ya nodi nne, C3D4 kwa jina la CalculiX, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi ya kupinda. Piramidi ya nodi kumi, C3D10, ni ya daraja la pili: ina nodi za katikati ya kingo na hujipinda bila tabu. Matofali ya nodi ishirini yenye nukta pungufu za kuhesabia, C3D20R, ni mazuri zaidi iwapo umbo linakuruhusu kuligawa kwa matofali. Kwenye Gmsh, chombo cha kutengeneza wavu ndani ya FreeCAD, daraja la pili ndilo huwekwa tangu mwanzo. Liache hivyohivyo.

Lakini kwa kujifunza, badilisha mara moja uweke daraja la kwanza, ukubwa wa elementi mm 20, upige hesabu. Mshuko utatoka pungufu sana kuliko mm 2.976. Rangi zitakuwa nzuri vilevile, na mtu asiye na karatasi ya Hatua ya 1 mkononi angeandika ripoti na kulala usingizi. Rudisha daraja la pili, wavu uleule wa mm 20: jibu litakuja ndani ya asilimia moja hivi ya hesabu ya mkono. Kisha punguza elementi hadi mm 10, halafu 5. Mshuko hautabadilika kwa kiasi cha kukusumbua. Huo ndio ushahidi kwamba wavu umetosha.

Kama unadhani haya ni mambo ya darasani, kumbuka Sleipner A, jukwaa la gesi la baharini la Norwei. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wake wa zege ulikuwa ukijaribiwa kwenye maji ya Gandsfjord, karibu na Stavanger, pale ukuta mmoja wa seli za ndani ulipopasuka, na jengo zima likazama. Hesabu zilikuwa zimefanywa kwa Nastran, programu nyingine ya elementi finiti, kwa uchambuzi wa linea. Wavu ulikuwa mpana mno na elementi zimekaa kimshazari pale kwenye makutano ya kuta, na kani ya mkato ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo za mahali hapo nazo zilikuwa zimeishia kabla ya kufika zilipohitajika. Baada ya ajali, wahandisi walipiga hesabu upya kwa uangalifu na kuona ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Programu iliweza kutoa jibu sahihi. Wavu ndio haukuiruhusu.

Hatua ya 5: soma matokeo kwa mpangilio huu

Anza na umbo lililopinda. Je, limepinda upande unaoutarajia? Upande wa ukutani umetulia? Programu hukuza msogeo ili uonekane, kwa hiyo usishtuke boriti ikionekana kama upinde.

Pili, kani za ukutani. Fungua faili lenye kiambishi .dat, FreeCAD huiomba CalculiX iandike humo jumla ya kani za sharti la kushika. Inapaswa kuwa 500 kwenda juu, na karibu sifuri kwenye mielekeo mingine. Ikiwa ni 499.9999, vizuri. Ikiwa ni 10,500, unajua pa kurudi.

Tatu, mshuko wa ncha.

Mkazo uje mwisho, na hapa kuna mtego. Ukiangalia mkazo wa von Mises, namba moja inayounganisha mikazo ya pande zote ili ilinganishwe na ukomo wa kulegea, utaona sehemu nyekundu kwenye pembe za ukutani, na namba ya juu kabisa itakuwa zaidi ya 75. Ukipunguza wavu itapanda. Ukipunguza tena, itapanda tena. Haina mwisho. Sababu ni kwamba tumeuzuia uso mzima wa ukutani usisogee hata kidogo, wakati chuma kinachovutwa juu na kubanwa chini kinataka pia kunywea na kutanuka kwa upana. Kwenye kingo kali za uso huo nadharia yenyewe inasema mkazo hauna kikomo, na programu inaifuata nadharia. Ukutani kwa kweli hakuna ushikaji mkamilifu wa namna hiyo. Kuna weldi, kuna bolti, kuna zege linalolegea kidogo.

Basi soma mkazo mahali pasipo na fujo. Tumia kichujio cha kusoma thamani kwenye nukta, weka nukta (100, 25, 20), yaani juu ya boriti, katikati ya upana, mm 100 kutoka ukutani. Utapata karibu MPa 60, ile namba ya karatasi. Sasa unaiamini modeli. Kama unahitaji kujua hali halisi pale ukutani, chora weldi na kona zake za mviringo, au tumia kanuni za viwango vya weldi. Usinakili namba nyekundu kwenye ripoti.

Hatua ya 6: mtikisiko

Kwenye sifa za solva badilisha aina ya uchambuzi kutoka "static" kwenda "frequency" na omba frikwensi kumi za kwanza. Mzigo hauhitajiki, maana tunauliza chuma chenyewe kinapenda kutikisika vipi.

Kwa mkono, frikwensi ya kwanza ya boriti iliyoshikwa upande mmoja ni 0.56 mara kipeuo cha pili cha (EI ÷ mL⁴), ambapo m ni uzito kwa urefu, hapa kilo 7.85 kwa mita, na vipimo vingine navyo viwe vya mita. Inatoka Hz 66.8, boriti ikipiga juu na chini. Ya pili ni ya kuyumba kulia na kushoto, na kwa kuwa upana ni mara 2.5 ya unene, iko karibu na Hz 167. Ya tatu ni juu na chini tena lakini kwa umbo la nyoka, karibu Hz 419. Tazama maumbo yenyewe, usisome namba tu, kwa sababu frikwensi mbili zikikaribiana ni rahisi kuzichanganya. Ukubwa wa msogeo kwenye picha hizi hauna maana yoyote. Ni umbo tu.

Manufaa yake? Injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika inapiga mara 66.7 kwa sekunde. Ukiifunga karibu na boriti hii, umeitafutia balaa, ingawa hesabu ya mzigo tuli ilisema iko salama mara tatu.

Uchambuzi huu ni kipimo kizuri cha modeli kubwa pia. Frikwensi za mwanzo zikitoka sifuri, kuna kitu hakijashikwa. Sita za sifuri maana yake muundo mzima unaelea hewani. Moja au mbili, pengine kuna sehemu ambayo kwenye mchoro inaonekana imegusa mwenzake, lakini nodi zao hazijaunganishwa. Mimi nikipokea modeli ya mtu mwingine huanzia hapa kabla ya kuweka mzigo wowote.

Hatua ya 7: kupinda ghafla chini ya mgandamizo

Simamisha boriti ileile iwe nguzo. Ibane kwa N 1,000 kwa urefu wake, badilisha uchambuzi uwe "buckling". Jibu ni kizidishio: mzigo uliouweka uzidishwe mara ngapi ili nguzo itoke kwenye mstari. Kanuni ya Euler kwa nguzo yenye ncha huru, π²EI ÷ 4L², inatoa N 69,087, basi kizidishio kitakuwa karibu 69.

Linganisha na nguvu ya chuma. Eneo ni mm² 1,000. Kwa MPa 235 kingehimili N 235,000 kabla ya kulegea. Nguzo inapinda ikiwa haijafika hata theluthi ya hapo, kwenye mkazo wa MPa 69 tu. Uchambuzi wa mzigo tuli peke yake usingekuambia hili kamwe, na ndiyo sababu mtu anayebuni minara, kenchi za paa au jukwaa la tangi la maji hana ruhusa ya kuishia kwenye rangi za von Mises. Ila kizidishio hiki ni cha nguzo iliyonyooka kikamilifu, yenye mzigo katikati barabara. Chuma cha dukani kina kupinda kidogo tangu kiwandani, kwa hiyo uwezo halisi uko chini ya hapo. Mikondo ya kupunguza iliyomo kwenye viwango vya usanifu ipo kwa ajili hiyo.

Mengine ambayo linea inaweza

Joto ni mojawapo, na hupuuzwa. Baa ya chuma iliyobanwa pande zote mbili ikiongezeka nyuzi 30 za Selsiasi, jambo la kawaida kabisa kwa chuma cha juu ya paa saa saba mchana, hupata mkazo wa 210,000 × 0.000012 × 30, yaani MPa 75.6. Ni sawa na ule mfuko wa saruji, na hakuna aliyebebesha kitu. Ikiwa ncha moja iko huru, baa ya mm 500 inarefuka mm 0.18 na mkazo ni sifuri.

CalculiX pia ina *STEADY STATE DYNAMICS kwa mitikisiko ya mashine inayozunguka kwa kasi moja, *MODAL DYNAMIC kwa mizigo inayobadilika na wakati, na ulinganifu wa mzunguko, ambapo unachora kipande kimoja cha feni na programu inajua vingine vinafanana nacho. Si ajabu kwa kitu kilichoandikwa na watu wa injini za ndege. Kuna elementi za bamba na za boriti, ambazo CalculiX huzitanua kwa ndani kuwa elementi za pande tatu. Kwa fremu ndefu za majengo, nionavyo mimi, hapo si mahali pake pazuri. Tafuta programu iliyotengenezwa kwa fremu.

Hatua ya 8: jua ulipovuka mpaka

Rudi kwenye mzigo tuli na uongeze mzigo hadi N 50,000. Utapata mshuko wa mm 298 na mkazo wa MPa 7,500 pale ukutani. Hakuna chuma cha namna hiyo duniani, na boriti ya nusu mita haishuki sentimita thelathini huku ikibaki na urefu uleule kwa mlalo.

Kwa kazi halisi jiwekee ukaguzi huu kila baada ya hesabu. Mkazo nje ya zile pembe za bandia umezidi ukomo wa kulegea? Basi unahitaji nyenzo yenye mstari wa *PLASTIC, unaoeleza tabia ya chuma kikishalegea. Mshuko umefika karibu sehemu ya kumi ya urefu, au bamba jembamba limeshuka kuzidi unene wake? Ongeza NLGEOM, inayozingatia kubadilika kwa umbo, kwenye mstari wa *STEP, ulinganishe majibu mawili. Yakitofautiana kwa asilimia chache tu, linea ilitosha. Kuna mahali panapofunguka au kufunga mzigo unapoongezeka, kama bamba lililolalia bolti? Hapo ni lazima uweke mgusano, na hesabu itachukua muda mrefu zaidi. Kwa boriti yetu ya N 500, hakuna hata moja kati ya hayo, na hesabu ya linea inatosha.